Faili ya Chama Iliyogoma Kufunguka: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Data ya Zamani

Barua nne zilizonifikia mwezi huu zinahusu jambo moja, ijapokuwa waandishi wake hawajuani: data iliyohifadhiwa na toleo moja la programu inaweza kukataa kusomwa na toleo jingine. Nimeamua kuzijibu pamoja, lakini kwanza nieleze neno moja nitakalolitumia mara kwa mara. Programu inapofanya kazi, taarifa zake hukaa katika kumbukumbu ya kompyuta zikiwa zimetawanyika huku na huku, na kinachoziunganisha ni anwani ambazo hupoteza maana programu inapofungwa. Ili taarifa hizo ziwekwe kwenye diski au zitumwe mtandaoni, sharti zipangwe ziwe mstari mmoja wa baiti. Wanaprogramu wa hapa Nairobi huiita kazi hiyo kusirialaizi. Mimi nitaiita kufungasha, kwa kuwa haina tofauti kubwa na kukunja nguo na kuzipanga sandukuni kabla ya kwenda kupanda basi pale Machakos Country Bus. Taabu ya wasomaji wetu wote wanne ni kwamba sanduku la safari liligeuzwa kuwa ghala.

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa chama chetu hapa Umoja. Mwaka 2016 kijana wa jirani alitutungia programu ndogo kwa lugha ya Python 2.7, katika kompyuta ya Windows 7, ya kuweka michango ya kila Jumapili. Kompyuta ile ilikufa mwezi uliopita, ila faili ya data pamoja na programu yenyewe nilikuwa nimezinakili kwenye flashi. Mpwa wangu ameweka Python 3 kwenye kipakatalishi kipya akajaribu kuifungua. Kwanza alipata ujumbe unaosema “the STRING opcode argument must be quoted”. Alipohangaika akaupita huo, ukaja mwingine: “'ascii' codec can't decode byte 0xe0 in position 1”. Je, michango yetu imepotea? Wanachama wameanza kunong'ona. — Mweka hazina, Umoja

JIBU: Ndugu mweka hazina, michango haijapotea, na hao wanaonong'ona waombe wakuvumilie hadi Jumapili ijayo. Kabla ya jambo lolote, nakili faili hiyo mahali pengine pawili na ufanyie kazi nakala tu.

Sasa mwambie mpwa wako aifungue nakala moja kwa kihariri cha kawaida cha matini, aitazame bila kubadilisha chochote. Ataona mistari mifupi mifupi. Mstari wa kwanza huenda ukaanza kwa alama ya mabano na herufi dp0. Chini yake ataona herufi S ikifuatwa na jina la mwanachama ndani ya alama za kunukuu, kisha herufi I ikifuatwa na kiasi, kwa mfano I500, na kadhalika hadi mwisho. Jina kama Ng'ang'a atalikuta limezungushiwa alama za kunukuu mbilimbili badala ya mojamoja, kwa sababu lenyewe limebeba alama hiyo ndani yake. Herufi ya mwisho kabisa katika faili inapaswa kuwa nukta. Hii ndiyo itifaki (mtindo wa kufungasha) namba 0 ya moduli iitwayo pickle, kifaa cha Python cha kufungashia, ambayo Python 2 iliitumia iwapo mwandishi wa programu hakuchagua nyingine. Kila mstari huanza kwa herufi iliyo agizo: weka neno hili, weka namba hii, yaunganishe hayo mawili. Ile nukta ni agizo la kusimama, na ikiwa ipo mahali pake, mna kila sababu ya kuamini kwamba faili haikukatika njiani ilipokuwa ikinakiliwa.

Ujumbe wa kwanza unatokana na miisho ya mistari hiyo. Pickle humaliza mstari kwa baiti moja, namba 10. Inaelekea kijana wa jirani aliifungua faili ya kuandikia kwa namna ya matini, yaani kwa herufi w badala ya wb, na katika Windows namna hiyo huongeza baiti namba 13 mbele ya kila 10. Miaka yote hiyo hakuna aliyegundua, kwa sababu Python 2 iliposoma kwa namna hiyohiyo ya matini iliziondoa zile 13 kimyakimya. Python 3 hudai faili ya pickle isomwe baiti kwa baiti, bila kuongezewa wala kupunguziwa. Hivyo inapofika kwenye mstari wa jina na kutarajia alama ya kunukuu mwishoni, inakuta baiti 13 imekaa hapo, nayo inagoma. Nadhani mpwa wako aliupita ujumbe huu kwa kubadilisha kila jozi ya 13 na 10 iwe 10 pekee, na alifanya sawasawa. Katika itifaki 0 hatua hiyo haina hatari, kwa maana jina lenye mstari mpya ndani yake huandikwa kwa alama za kuuwakilisha, si kwa baiti 10 yenyewe.

Ujumbe wa pili ndio ulionifurahisha, mniwie radhi kwa kufurahia shida yenu. Kompyuta inalalamikia baiti 0xe0, ambayo kwa hesabu yetu ya kawaida ni 224, iliyo katika nafasi ya 1, yaani ya pili, maana inahesabu kuanzia 0. Python hufungasha mwaka wa tarehe kwa baiti mbili: ya kwanza huzidishwa mara 256, ya pili hujumlishwa. Chukua 7 mara 256, upate 1792, kisha ongeza 224. Jibu ni 2016. Kinachoikwaza kompyuta ni mwaka wenyewe mlioanza kuweka michango.

Sababu yake ni kwamba katika Python 2 neno la maandishi na rundo la baiti vilikuwa kitu kimoja, ilhali Python 3, iliyotoka mwishoni mwa 2008, iliviweka mbali. Python 3 inapokuta herufi S katika faili ya zamani haiwezi kujua kama ni jina la mtu au ni baiti za tarehe, kwa hiyo huchukulia kuwa ni maandishi ya ASCII, ambayo namba zake hukomea 127. Baiti 224 imevuka mpaka huo. Kwa hesabu hiyohiyo, tarehe yoyote kuanzia 1920 hadi 2047 itakwama, maana baiti yake ya pili haipungui 128. Chama kitakachoanzishwa mwaka 2048 kingepita salama, kama kingepata mtu wa kukiandikia programu kwa Python 2.

Dawa yake imeandikwa katika mwongozo rasmi wa lugha yenyewe. Unapoita load ya pickle, ongeza kigezo encoding na ukipe thamani latin1. Mfumo huo wa herufi una nafasi kwa kila moja ya baiti zote 256, moja kwa moja, kwa hiyo hakuna kinachopotea, na Python 3.7 na matoleo yaliyofuata hujua kuzirudisha baiti hizo kuwa tarehe kamili. Jambo la kuangalia ni majina. Kama kuna jina lililonakiliwa kutoka Word likiwa na alama ya kunukuu iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, huenda likatokea na herufi â na takataka baada yake. Jina kama hilo ligeuze liwe baiti kwa latin1, kisha lisome upya kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Na kama halikukubali, lisome kwa mfumo wa Windows uitwao cp1252.

Kuna kizingiti kingine ambacho hamjakifikia. Ikiwa programu ile ilikuwa na klasi yake yenyewe, yaani kiolezo cha aina fulani ya taarifa, tuseme Mwanachama, faili haikubeba klasi hiyo. Pickle huandika jina la moduli na jina la klasi tu, ikitumaini kwamba atakayefungua anayo klasi hiyo nyumbani kwake. Programu iliyoendeshwa moja kwa moja huandikwa kwa jina __main__, kwa hiyo mpwa wako aiweke klasi Mwanachama ndani ya hiyohiyo programu ya kufungulia, kwa jina lilelile, la sivyo atapata ujumbe mwingine wa kumkatisha tamaa. Ni bahati kubwa kwamba ulinakili programu pamoja na data. Wengi hunakili data peke yake.

Mkishafungua, msiifungashe tena kwa pickle. Zimwageni taarifa zote katika hifadhidata ya SQLite au hata katika faili ya CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa alama za mkato), kisha ulinganishe jumla ya kila mwanachama na daftari la karatasi, kama mnalo. Mkichagua CSV, msiifungue kwa programu ya lahajedwali kwa kubofya tu, kwa sababu namba ya simu inayoanza kwa 07 itachukuliwa kuwa tarakimu ya hesabu na sifuri yake itaanguka. Na mkihifadhi hapo, imeanguka kweli.

SWALI: Nilihifadhi majedwali ya namba kwa pickle katika kompyuta ya ofisini yenye NumPy 2, maktaba ya Python ya hesabu za majedwali. Ya nyumbani ina toleo la 1.24, nayo inasema “No module named 'numpy._core'”. Nilifikiri utangamano wa nyuma umeahidiwa. — Msomaji, Kilimani

JIBU: Umeahidiwa, ila wewe unadai kinyume chake. Utangamano wa nyuma ni wa kitu kipya kusoma cha zamani; cha zamani kusoma kipya ni utangamano wa mbele, nao ni nadra mtu kuuahidi, kwa sababu mwandishi wa toleo la zamani hakujua nini kingekuja. Katika NumPy 2.0, iliyotoka Juni 2024, sehemu ya ndani iliyoitwa numpy.core ilibadilishwa jina ikawa numpy._core, na kama nilivyomweleza mweka hazina, pickle hubeba majina. Faili yako imebeba jina ambalo kompyuta ya nyumbani haijawahi kulisikia. Isasishe hiyo ya nyumbani, au rudi ofisini uyahifadhi majedwali katika umbo la NumPy lenyewe, lile la faili zinazoishia .npy, ambalo kwa majedwali ya namba halitegemei majina hayo.

Itifaki nazo zina mpangilio huohuo. Python 2.7 inajua hadi ya 2. Ya 3 ilikuja na Python 3.0, ya 4 ilikuja na 3.4 na ikawa chaguo la kawaida kuanzia 3.8, ya 5 ilikuja na 3.8 na ikawa chaguo la kawaida katika 3.14. Ukimtumia mtu mwenye toleo la zamani, chagua itifaki anayoifahamu, japo katika tatizo lako hilo lisingesaidia kitu.

Na kwa kuwa ni desturi sasa watu kupakua faili za aina hii kutoka popote: kufungua pickle ni kutekeleza maagizo yaliyomo, na aliyeifungasha anaweza kuagiza kompyuta yako ifanye lolote. Usiyemwamini, usifungue faili yake.

SWALI: Nina programu ya Java inayotumika katika duka la vipuri Kirinyaga Road. Klasi Mteja hufungashwa kila jioni. Juzi niliweka JDK (zana za kutengenezea programu za Java) mpya na siku hiyohiyo nikaongeza sehemu ya PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, ya mteja. Asubuhi faili zote za zamani zilikataa, kwa ujumbe wa InvalidClassException wenye namba mbili ndefu ajabu. Je, nirudishe JDK ya zamani? — Fundi, South B

JIBU: Usirudishe. Mshukiwa wa kwanza ni hiyo sehemu ya PIN, si JDK.

Java imekuwa na ufungashaji wake tangu JDK 1.1 ya mwaka 1997, na tangu hapo kila klasi inayofungashwa hupewa namba ya utambulisho iitwayo serialVersionUID. Usipoiandika mwenyewe, Java huikokotoa kutoka kwa jina la klasi, sehemu zake, mbinu zake (kazi inazoweza kufanya) na vinginevyo. Ungeongeza hata mbinu moja tu ya wazi ya kusoma PIN, bila kugusa data, namba ingebadilika vilevile. Maelezo rasmi yanaonya zaidi kwamba ukokotoaji huo huathiriwa na namna mkusanyaji wa msimbo anavyofanya kazi yake, kwa hiyo siwezi kuiondolea JDK lawama yote. Lakini hata ikiwa nayo ilichangia, dawa ni ileile.

Zisome zile namba mbili. Inayofuata maneno “stream classdesc” ndiyo iliyo ndani ya faili za zamani. Nyingine ni ya klasi yako ya sasa. Ichukue ile ya kwanza na kuiandika ndani ya klasi Mteja kuwa thamani ya serialVersionUID, iwe ya aina long, tuli na isiyobadilika (static final), pamoja na alama yake ya kutoa ikiwa inayo, na herufi L mwishoni. Faili za zamani zitafunguka, na wateja wa zamani watakuwa na PIN iliyo tupu, yaani null. Hakikisha basi kwamba sehemu ya kuchapisha risiti haidhani kila mteja ana PIN, la sivyo utakuwa umehamisha kilio kutoka asubuhi hadi saa ya kufunga duka.

Kuongeza sehemu mpya ni salama. Kubadilisha aina ya sehemu iliyopo, mathalani deni lililokuwa int (namba kamili) ukalifanya String (maandishi), si salama, na Java itakuambia hivyo kwa sauti. Kinachonitia hofu zaidi ni kubadilisha jina. Ukiigeuza sehemu ya simu iwe nambariYaSimu ilhali ile namba ya utambulisho umeiacha vilevile, faili itafunguka bila ujumbe wowote, thamani ya simu itatupwa, na nambariYaSimu itabaki tupu. Programu ikihifadhi jioni, simu za wateja zimekwenda. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo katika ofisi moja ya hapa mjini ambayo sitaitaja, na nakala ya akiba iliyotuokoa ilikuwa ya wiki tatu nyuma.

SWALI: Mwalimu wetu anasema tuachane na ufungashaji wa lugha na tutumie JSON siku zote. Je, hilo linatosha? — Mwanafunzi, Kahawa

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi, na lugha zenyewe zinaelekea huko: Microsoft iliondoa BinaryFormatter, kifaa chake cha kufungashia, katika .NET 9 (jukwaa lake la kuandikia programu) ya mwaka 2024, hasa kwa sababu za usalama. JSON haina klasi wala majina ya moduli. Ni maandishi ambayo lugha yoyote inaweza kuyasoma, na kanuni zake, RFC 8259 ya Desemba 2017, ni fupi kiasi cha kusomwa kwa kikao kimoja cha chai.

Hata hivyo JSON ni maskini wa aina za data, na umaskini huo utaulipia wewe. Haina tarehe, andika tarehe kuwa maandishi ya mtindo wa 2016-03-12, na kama kuna saa, taja na tofauti yetu ya saa, +03:00. Ufunguo wa kamusi (orodha ambayo kila kitu hutafutwa kwa ufunguo wake) ni lazima uwe maandishi, kwa hiyo kamusi ya Python yenye mwanachama namba 17 itarudi ikiwa na mwanachama "17", na ukimtafuta 17 utaambiwa hayupo. Shilingi zihifadhi kwa senti, ziwe namba kamili, wala usiziache ziwe desimali zinazokadiriwa. Namba kamili zinazozidi 9007199254740992 zitapoteza usahihi zikipitia lugha ya JavaScript, na namba za utambulisho za baadhi ya mifumo hufika huko, kwa hiyo hizo ziandike kama maandishi.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna muundo utakaokufanyia. Maana ya data yako itabadilika hata kama umbo la JSON halibadiliki: leo sehemu ya “mchango” ni shilingi, kesho utaamua iwe senti. Kwa hiyo mwanzoni mwa kila faili weka sehemu iitwayo toleo, yenye namba 1, tangu siku ya kwanza ambapo unaona haina kazi. Lugha ya Ruby hufanya hivyo katika ufungashaji wake: baiti mbili za kwanza ni namba ya toleo la muundo, 4 na 8, na faili ambayo namba ya kwanza kati ya hizo mbili ni tofauti hukataliwa papo hapo. Programu yako ikikuta toleo 1, iligeuze kuwa 2. Ikikuta 2, iligeuze kuwa 3. Kila hatua iwe na kipande chake kidogo cha msimbo, nawe usikifute kwa kudhani hakuna tena mwenye faili ya zamani. Mweka hazina wa Umoja anayo ya 2016.

Data ikiwa nyingi, au ikihitaji kutafutwa, ningechagua SQLite. Umbo la faili zake za toleo la 3 limekuwapo tangu 2004, matoleo mapya husoma faili za zamani, na watunzaji wake wametangaza nia ya kuendelea kulihudumia hadi mwaka 2050.

Mwisho, katika folda ya majaribio ya programu yako weka faili moja iliyoandikwa na kila toleo ulilowahi kutoa, na kila unapobadilisha msimbo programu izisome zote na kulinganisha matokeo. Faili hizo zitengeneze kwa majina na simu za kubuni, maana folda ya majaribio huishia mikononi mwa kila anayenakili msimbo wako.